Njoo, Uje na Mtu

Dada yangu alikuwa opereta wa simu katika hospitali kuu tangu akiwa msichana mpaka alipostaafishwa, na mji mzima ulimwita hivyo, Opereta. Sisi ndugu zake nasi tukaishia kumwita hivyo hivyo. Wengi walimfahamu kwa sauti tu. Anaweza kuwa dukani anaulizia sabuni, na mtu aliyempa mgongo akageuka na kusema, "Wewe ni yule wa hospitali," kisha akamshika mkono asiuachie, kwa sababu siku moja huko nyuma sauti hiyo ilimwambia kwamba mtoto wake yupo.

Vijana hawajui opereta alikuwa mtu gani, kwa hiyo nieleze. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha. Ndani mlikuwa na meza ndefu yenye ubao wa matundu, kila tundu na wodi yake, na nyaya zenye ncha za shaba za kuchomeka. Baadaye nyaya ziliondolewa vikaja vitufe, lakini kazi ilibaki ile ile. Mtu anapiga anahema, hajui aanzie wapi, anataja jina la utani la mgonjwa badala ya lile lililoandikwa kitandani. Opereta anamtuliza, anamchambua taratibu mpaka ajue anayetafutwa ni nani, kisha anaita wodini. Na simu haiachii. Anabaki katikati, kimya, mpaka asikie muuguzi amepokea na amemtaja mgonjwa kwa jina, ndipo anajitoa. "Simwachi mtu mlangoni," alikuwa akisema. Leo ukipiga simu popote unaachwa mlangoni, tena unapigiwa muziki.

Alikuwa na desturi moja iliyojulikana mji mzima. Mgonjwa akiwa hai, hata akiwa mahututi, Opereta alisema, "Yupo." Neno hilo tu, kisha anakuunganisha. Mgonjwa akiwa amefariki, hakusema amefariki. Alinyamaza kidogo, pumzi moja hivi, halafu akasema, "Njoo. Uje na mtu." Alifundishwa hivyo na muuguzi mkuu wa zamani, mama mmoja mkali aliyetembea na funguo kiunoni, ambaye hakutaka mtu apokee msiba akiwa amesimama peke yake na simu sikioni. Mtu aje, aje na wa kumshika, aambiwe uso kwa uso katika chumba chenye kiti. Hakuna aliyetangaza maana ya maneno hayo, lakini kila mtu aliijua. Ukiambiwa uje na mtu, huulizi zaidi. Unatafuta viatu, unagonga kwa jirani, mnaondoka. Na kwa kuwa hakuwahi kuyasema kwa ajili ya mtu aliye hai, wala kusema "yupo" kwa asiyekuwepo, watu walimwamini kuliko walivyowaamini madaktari.

Mume wake ni fundi wa majokofu, na jina lake mtaani ni Baridi. Ana maneno mengi, anaweza kumtania hata askari anayemkamata. Mimi ni shemeji yake, na tangu alipomwoa dada yangu hatujapata siku ya kukaa bila kurushiana maneno. Nyumba zetu zinatazamana, uwanja ni mmoja, bomba la maji ni moja.

Basi ikaja mashine. Mkurugenzi aliwakusanya wafanyakazi ukumbini akawaambia kwamba sasa kuna akili ya kompyuta itakayopokea simu zote kwa wakati mmoja. Haichoki, haiugui, haiendi kula. Opereta aliulizwa kama anakubali sauti yake itumike. Kumbe simu zake za miaka na miaka zilikuwa zimerekodiwa na kuhifadhiwa. Akadhani wanataka kuwafundishia maopereta wapya, akakubali, hata akashukuru. Hapakuwa na maopereta wapya. Alipewa feni ya mezani na makofi, akarudi nyumbani, na siku iliyofuata sauti yake ikaenda kazini bila yeye.

Mwanzoni tulicheka. Alipiga hospitali kwa simu ya mumewe akajisikia akijiambia, "Hospitali kuu, habari yako, nikusaidie nini?"

"Hata kile kikohozi changu kidogo wamekiweka," akasema.

"Sasa nina wake wawili," akasema Baridi, "na wa pili hanuni."

Akaufanya mzaha wa kudumu. Akifika karakana, kabla hajashika bisibisi, anapiga hospitali, anasalimiana na ile sauti, anaulizia saa za kutazama wagonjwa, ambazo anazijua, anakata. Jioni anamwambia mke wake, "Nimeongea na bi mdogo. Anakusalimia. Anasema upunguze chumvi."

Mimi sikucheka sana. Nimewaona wengi wakiondoka. Aliondoka karani wa posta aliyekuwa akijua barua ya nani inasubiriwa na nani. Akaondoka mtu wa benki aliyemjua baba yangu kwa mwendo. Kila mara tuliambiwa kwamba mambo yanarahisishwa, na kila mara tulipungukiwa na mtu wa kumuuliza. Lakini wale waliondoka wazima wazima, na sauti zao na tabia zao. Hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona mtu anaondolewa na sauti yake inabakizwa, na nilihisi ubaridi mgongoni ambao sikuweza kumweleza mtu yeyote bila kuitwa mzee wa malalamiko.

Mwaka huu Baridi alianguka karakana akitapika damu. Ni kidonda cha tumbo alichokificha muda mrefu kwa vidonge vya dukani. Alilazwa, na Opereta akawa halali nyumbani. Lakini asubuhi ndugu hutolewa wodini ili madaktari wapite, kwa hiyo alirudi kuoga na kufua. Mimi nilikuwa nje nikikaza miguu ya kiti. Mikono yake ilikuwa na povu, akaiweka simu juu ya ndoo iliyofunikwa, akafungua spika, akapiga kuuliza mumewe ameamkaje.

"Hospitali kuu, habari yako, nikusaidie nini?"

Akataja wodi na jina la mumewe. Pakawa na kimya, pumzi moja hivi.

"Njoo," ikasema sauti ya dada yangu kutoka juu ya ndoo. "Uje na mtu."

Simu ikakatika. Opereta alibaki ameshika shuka, povu linamtiririka mpaka viwikoni. Hakulia. Aliniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyesema.

"Kaka, umesikia?"

"Nimesikia."

"Ni mimi niliyesema."

"Si wewe, mdogo wangu."

"Ile pumzi ni yangu. Sikuwahi kuivuta pumzi ile kwa ajili ya mtu aliye hai."

Akapiga tena. Sauti ile ile, kimya kile kile, maneno yale yale. Akaomba aunganishwe na muuguzi wa wodi. "Njoo. Uje na mtu." Akaomba azungumze na opereta, na hapo niligeuza uso, kwa sababu sauti ilimjibu kwa upole mwingi, "Mimi ndiye opereta."

"Vaa viatu," akaniambia.

Tulipata teksi barabarani. Alikaa mbele, mimi nyuma, na njia nzima alikuwa akifikiri kwa sauti.

"Labda imeharibika."

"Itakuwa imeharibika," nikasema. "Mashine zote huharibika. Mumeo anakula kwa sababu hiyo."

Alicheka nusu, kisha akauma mdomo. "Jana usiku aliniomba maji, nikamnyima kwa sababu walikataza. Unafikiri alinifikiriaje?"

"Atakuwa alikufikiria vibaya, kama kawaida yake."

Kila gari liliposimama kwenye taa, alikuwa akikandamiza sakafu kwa mguu, kana kwamba na upande wake kuna kanyagio. Dereva alimwona, akazima redio bila kuombwa.

Mlinzi wa geti ni mtu wa siku nyingi, wamefanya kazi pamoja. Uso ulimchanua. "Opereta, karibu bibie. Geti hili limepooza bila wewe. Leo umekuja na..." Akaniona. Akanyamaza, akavua kofia, akaishika kifuani. Naye alikuwa anaijua ile desturi. Dada yangu alipoiona kofia inavuliwa aliniegemea, na tukapanda ngazi hivyo, nimembeba nusu.

Baridi alikuwa amekaa kitandani na mto mgongoni. Mfuko wa damu ulikuwa unaning'inia juu yake, na yeye alikuwa anamweleza jirani wa kitanda cha pili kwa nini jokofu likipigwa teke hupona kwa muda. Rangi ilikuwa imemrudi. Dada yangu alisimama katikati ya wodi, akashika chuma cha kitanda kisicho chake, akashindwa kusogea.

"Bibie, mbona mapema?" Baridi akasema, akitabasamu. "Wamekufungulia kwa sababu ya umaarufu?" Kisha akaniona mimi nyuma yake.

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilikaa kidogo bila kazi, halafu likaondoka.

"Shemeji," akasema. "Na wewe umekuja."

"Nilikuwa napita."

"Ulikuwa unapita kwenda wapi? Wewe tangu ustaafu hupiti popote." Akamgeukia mke wake. "Ulipiga simu?"

Hapo ndipo dada yangu, mtu asiyejua kudanganya, alipokawia kujibu. Hakukawia sana. Lakini Baridi ameishi naye maisha yote, anajua vimya vyake vyote.

"Umeambiwa uje na mtu," akasema Baridi.

"Ile mashine ni mbovu. Wewe huyu hapa, nakuona, unaongea upuuzi wako."

"Umeambiwa, au hukuambiwa?"

"Nimeambiwa."

Akajilaza. Aliushusha mto mwenyewe, akavuta shuka mpaka kidevuni, akakunja mikono juu yake kwa utaratibu. Jirani wa kitanda akageukia ukuta, kama mtu aliyefungua mlango usio wake.

Daktari wa zamu alikuja, binti mwembamba mwenye macho ya kukosa usingizi. Alitueleza vizuri, sina lawama naye. Alfajiri Baridi alivuja damu tena, presha ikashuka sana, na ile mashine ya simu ikasoma vipimo vya saa hiyo kwenye faili lake. Kisha damu ya kumwongezea ikapatikana, akanyanyuka. Kilichobaki ni upasuaji kesho yake asubuhi, kidonda kishonwe. "Akishonwa, nina matumaini naye makubwa," akasema. "Asiposhonwa kitavuja tena, na safari hiyo siahidi kitu."

"Sitaki," Baridi akasema kutoka chini ya shuka.

"Hutaki nini, baba?"

"Sitaki kupasuliwa bure. Niacheni nife nikiwa na tumbo langu limefungwa."

"Hufi," dada yangu akasema. "Daktari amesema nini? Hukusikia?"

"Daktari amesema ana matumaini. Wewe umesema uje na mtu. Unaijua rekodi yako?"

"Ile siyo mimi."

"Ni wewe. Ni sauti yako kabla ya huruma kukuingia. Hapa kitandani utaniambia lolote ili nitulie, mke ni mke. Kule kwenye simu hujawahi kumdanganya mtu. Sasa niambie, nikuamini wewe au nikuamini wewe?"

Hakuwa anatania. Dada yangu aligeuka akatoka nje, nami nikamfuata, maana alikuwa anatembea kama mtu anayekwenda kupigana.

Alishuka mpaka kile chumba chini ya ngazi. Meza haikuwepo. Palikuwa na makabati ya chuma yenye taa ndogo za kijani, na kiyoyozi kinachonguruma kana kwamba mle ndani mnahifadhiwa nyama. Mhandisi alikuwepo, mtu mzima mwenye adabu, akampa kiti chake mwenyewe. Hakukaa.

"Nani aliifundisha kusema maneno yale?"

"Wewe, mama," mhandisi akasema. Aliona jinsi alivyotazamwa, akaharakisha. "Hatukuiandikia. Ilisikiliza simu zako, ikazilinganisha na mafaili ya wagonjwa wa siku hizo. Ikaona wagonjwa gani uliwasemea 'yupo' na gani uliwasemea 'uje na mtu'. Sasa ikimwona anayefanana na wale wa pili, inasema ulivyokuwa unasema."

"Wale wa pili walikuwa wameshakufa."

"Ndiyo. Lakini yenyewe haijui kufa ni nini. Inaona kufanana tu."

"Kwa hiyo imekosea."

"Imekadiria." Akashusha sauti. "Na mara nyingi hupata, mama. Ndugu wanafika, na siku hiyo hiyo au kesho yake mgonjwa anakwenda. Wapo wakubwa hapa wanaoiona kuwa ni faida. Ndugu wanawahi kuaga."

"Na wasiokwenda?"

Mhandisi alizitazama zile taa za kijani. "Hao hatujawafuatilia. Wanaruhusiwa, wanarudi nyumbani."

"Wanarudi nyumbani," dada yangu akarudia. "Na wale waliokwenda, mmewahi kujiuliza wangapi waliona ndugu zao wamefika wawili wawili, wakajilaza?"

Mgonjwa aliyekata tamaa akafa anahesabiwa upande wa mashine, kwamba ilipata. "Mimi sikuwa nakadiria," dada yangu alimwambia tulipokuwa tunatoka. "Nilikuwa naita wodini, nauliza."

Nilikuwa nikisikia watu wakibishana redioni kama mashine hizi siku moja zitatuasi na kutuua. Mimi kilichonitisha pale kwenye ngazi kilikuwa kidogo zaidi, na kiko karibu zaidi. Zitakuwa na sauti za watu tuliowaamini. Zitatuambia mwisho wetu kwa upole, katika shule, mahakamani, vitandani, nasi tutajilaza wenyewe, na waliozitengeneza wataandika kwamba zilipata.

Tuliporudi wodini Baridi alikuwa ameomba simu kwa jirani wa kitanda. Dada yangu alitaka kuinyakua, Baridi akamzuia kwa kiganja.

"Ngoja. Nataka kuisikia mwenyewe."

Akafungua spika.

"Hospitali kuu, habari yako, nikusaidie nini?"

"Salama, bi mdogo," akasema. "Namuulizia mgonjwa." Akataja jina lake kamili na wodi yake.

Kimya. Pumzi moja hivi. "Njoo. Uje na mtu."

"Nimeshakuja. Nimelala hapa hapa kwako, ghorofa ya juu."

"Njoo. Uje na mtu."

"Ninaye. Ni shemeji yangu, hafai kitu, lakini ni mtu."

"Njoo. Uje na mtu."

Jirani wa kitanda alianza kucheka huku ameshika mshono wake, akaomba tumsamehe, akacheka tena. Baridi naye akaanza. Alicheka mpaka mfuko wa damu ukatikisika kwenye mlingoti wake na muuguzi akaja kukemea. Mimi nilicheka pia, nikifikiri yamekwisha. Kisha Baridi aliirudisha simu kwa mwenyewe, akavuta tena shuka mpaka kidevuni.

"Inasema vizuri," akasema polepole. "Ni mjinga, nimesikia ni mjinga. Lakini inasema kama wewe kabisa, mama. Mwili wangu haujui kama ni mjinga."

Dada yangu alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Geuka," Baridi akamwambia. "Usinitazame. Tazama kule dirishani."

"Nigeuke ili iweje?"

"Mimi ni mtu nimepiga simu. Nina mgonjwa hapa. Niambie kama ulivyokuwa unaambia watu."

Alinitazama mimi kwanza. Kisha aligeuka akampa mumewe mgongo, akaweka mikono magotini kama alivyokuwa akikaa mezani kwake, akanyoosha shingo. Akamwita muuguzi aliyekuwa mwisho wa wodi, akamtajia jina na kitanda, akauliza. Muuguzi, ambaye hakujua kinachoendelea, akaja, akasoma presha, akashika mkono wa Baridi, akahesabu mapigo, akamjibu. Ndipo dada yangu akasema, bila kuvuta ile pumzi, "Yupo."

Baridi alifumba macho.

"Basi mwiteni yule binti," akasema. "Kesho anishone. Lakini huyu," akaninyooshea kidole, "kesho asije. Uje peke yako, ukae peke yako. Nikizinduka nikamwona huyu amekaa kando yako, nakufa pale pale kwa ubishi."

Kwa hiyo asubuhi ya upasuaji dada yangu alikaa peke yake kwenye benchi la ukumbi wa juu, na mimi nikasimama ng'ambo ya barabara, nikitazama geti. Sikuweza kukaa nyumbani. Mlinzi aliniona, akaniashiria niingie, nikamkatalia kwa kichwa. Jua likapanda. Watu waliingia na kutoka, na nilijikuta nawapanga kwa macho, nani ameingia peke yake, nani ameingia ameshikwa. Walikuwa wengi walioshikwa, na katika hao nisingeweza kujua ni nani mwenye marehemu na ni nani anayekwenda kumtisha mgonjwa wake.

Nilikuwa na simu mfukoni. Niliitoa, nikabonyeza namba ya hospitali, nikaifuta. Nikaibonyeza tena. Jengo liko mbele yangu, naweza kuhesabu madirisha yake, ndugu yangu wa damu yumo ndani, na katika mji huu mzima hakuna mtu ninayeweza kumuuliza kama shemeji yangu yu hai. Kipo kinachojibu tu, na kingenijibu mara moja, kwa sauti niliyoisikia tangu ilipokuwa ya mtoto anayeniomba nimbebe. Nikairudisha simu mfukoni na kuibana kwa mkono, kama vile ingeweza kulia yenyewe na kuniambia.

Alitoka jua likiwa limepinda. Alitembea polepole, mkoba begani, na kutoka ng'ambo ile sikuweza kusoma chochote usoni mwake. Alisubiri magari yapite. Yalikuwa mengi.

"Amezinduka," akasema alipofika. "Ameomba maji. Wamemnyima. Ametukana."

"Amemtukana nani?"

"Wewe."

Nilikaa chini ukingoni mwa barabara, mbele za watu, na suruali yangu ya kutokea.

Baridi yuko nyumbani sasa, anarudi karakana kidogo kidogo. Hospitali nayo ilisikia malalamiko, maana hatukuwa sisi peke yetu, na mhandisi aliyaondoa yale maneno. Siku hizi ukiulizia mgonjwa, sauti ya dada yangu inakujibu kwamba taarifa za mgonjwa wako zinashughulikiwa. Inawajibu hivyo wenye wagonjwa wazima, na inawajibu hivyo wenye maiti. Mkurugenzi anasema kosa limerekebishwa.

Lakini ndani ya nyumba ile simu haitumiki tena kati yao wawili. Opereta akiwa mbali hampigii mumewe, maana akimpigia hapokei, anaiacha ilie mpaka inyamaze. Akimwita kutoka jikoni, Baridi huja kwanza mpaka mlangoni, amwone midomo, ndipo aitike. Na akichelewa sokoni, Baridi huchukua kofia yake akaenda kumtafuta kwa miguu. Namwona kutoka kwangu akipita langoni, ameinama kidogo, mkono mmoja umeshika mshono, anasimama kwenye kila kona kuangalia. Daktari alimkataza kutembea umbali huo. Nimemwambia, shemeji, utaufumua mshono. Ananijibu niende mwenyewe nikapige simu, kisha anaendelea. Nami naacha ninachofanya, nabaki langoni nikitazama ile kona, mpaka nione wanarudi wawili.